Mabawa Mawili ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa saba mchana, katikati ya kipindi cha hesabu. Paa la bati likapiga kelele mpaka mwalimu akaweka chaki chini na kukaa. Nilifurahi. Siku ambayo hakuna anayesikika, mimi na wenzangu tunakuwa sawa.

Baada ya kipindi mwalimu wa fizikia aliniita akanipa fomu ya chuo cha ufundi wa ndege. Wanachukua wanafunzi kumi na wawili tu kwa mwaka. "Wewe una mikono," aliniambia. "Mdomo utakuja baadaye." Fomu inasema kila mwombaji aje na kitu kimoja alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, bila kufanyiwa na mtu, na kwamba ataulizwa juu yake. Kutengeneza sina wasiwasi. Wasiwasi uko hapo kwenye kuulizwa. Shuleni nafundishwa kwa lugha moja, nyumbani naongea nyingine, na nikitazamwa na watu zaidi ya wawili zote mbili zinatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Usaili ni Jumamosi, tarehe 11 Mei. Nimeanza daftari hili ili nijizoeze kusema mambo mahali ambapo hakuna anayenitazama. Nakitaka chuo hiki. Naandika mara moja tu, nisije nikajitia nuksi.

Jumatano, 6 Machi

Nimechagua. Ndege ya kivita ya zamani, ya propela, kiti kimoja, pua ndefu. Mchoro wake nimeupata kwenye jarida kuukuu la mafundi, kabatini kwa mwalimu. Kila sentimita yangu moja itakuwa ishirini na nne za ile ya kweli. Ikikamilika itakaa juu ya trei kubwa ya chai, mabawa yakitokeza kidogo.

Tatizo ni pa kufanyia kazi. Meza pekee yenye mwanga na vifaa hapa nyumbani ni ya Fundi.

Jumamosi, 9 Machi

Lazima nieleze kuhusu Fundi, maana siwezi kuandika habari za meza yake nikamruka yeye. Ni mume wa mama, mwezi wa kumi sasa. Anatengeneza meno bandia. Chumba cha mbele cha nyumba ndiyo karakana yake, na rafu zimejaa vinywa vya jasi, vya juu na vya chini, vya mtaa mzima, vyote vimekenua. Akipita barabarani anawasalimu watu vizuri, lakini nadhani anawafahamu zaidi kwa magego. "Mwenye duka anasaga meno akilala," alisema juzi tukila. "Ana mawazo yule."

Baba alifariki nikiwa na miaka tisa. Mdogo wangu, ambaye hamkumbuki baba, alimwita huyu "Baba Fundi" siku ya pili tu baada ya sisi kuhamia. Mdogo wangu tunamwita Redio. Ana miaka minane na hana kitufe cha kuzimia. Mimi namwita Fundi, kama majirani. Mama alitaka kunikemea, mwenyewe akamkatiza: "Mwache. Hilo jina nimelifanyia kazi."

Ukweli ni kwamba nimekuwa nikimwona mtu mkavu. Anakata mkate vipande vinavyolingana kama vigae. Anafuta meza ambayo imeshafutwa. Leo nilisimama mlangoni kwake dakika kama tano nikitafuta pa kuanzia, mpaka akasema bila kugeuka, "Ukisimama hapo unaniziba mwanga, mhandisi. Ingia."

Nikampa fomu. Akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Akasogeza vinywa vya watu upande mmoja, akafuta nusu ya meza, akaniambia nusu hiyo ni yangu mpaka Mei. "Vifaa, tumia. Kuuliza, uliza. Ila mimi sigusi, wameandika hapa." Kisha akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Jumapili, 10 Machi

Mvua kutwa. Nimekata mbavu nne za kiwiliwili. Tatu nimezitupa.

Jumamosi, 16 Machi

Kiwiliwili kimesimama. Kina mbavu kumi na moja za plaiwudi nyembamba, na fito ndefu zinazozishika kuanzia puani hadi mkiani. Nilipokiinua dirishani mwanga ukapita katikati yake. Kitu chepesi, kitupu, kinachotaka kuwa ndege. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mimi sehemu za ndege nazijua kwa lugha ya shule tu. Fundi hajui hata moja, kwa hiyo anazibatiza anavyotaka. Propela ni pangaboi. Ubapa unaosimama mkiani ni pezi. Kioo kinachomfunika rubani ni kofia. Mwanzoni nilimcheka moyoni. Leo nimejikuta nimeandika "kofia" kwenye mchoro kwa kalamu ya wino.

Jumatano, 20 Machi

Unyevu. Gundi haikauki. Redio amemwambia mwenye duka kwamba dada yake anatengeneza ndege ya vita na vita ni mwezi wa tano. Mama amekwenda kueleza.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimeanza kuivisha ngozi. Ngozi ni bati la makopo ya soda, ambalo linakatika kwa mkasi na lenyewe linakata vidole. Shida ilikuwa riveti, zile pini zinazoshikilia mabati. Ndege ya kweli ina maelfu ya vichwa vya riveti, vimepangwa mistari kama mshono wa nguo, na kuvibonyeza kimoja kimoja kwa sindano ningemaliza nikiwa na wajukuu. Nikamuuliza Fundi. Akafungua droo, akatoa gurudumu dogo lenye meno kutoka kwenye saa iliyokufa, akaliweka mezani. Kando yake akaweka mpini mtupu wa kisu chake cha nta. Nikatazama hiki, nikatazama kile, mpaka nikaelewa. Nikalifunga gurudumu kwenye mpini, na sasa nikilisukuma juu ya bati kwa kufuata rula, linaacha mstari wa vitone vinavyolingana sawasawa.

"Umegundua mwenyewe," alisema Fundi.

"Wewe ndiye uliyeviweka pamoja."

"Droo imejaa tu. Nilikuwa natafuta kitu kingine."

Hakuwa anatafuta kitu kingine. Hajui kudanganya hata kidogo, na sijui kwa nini jambo hilo limenikaa vizuri moyoni siku nzima.

Jumamosi, 30 Machi

Kofia ya rubani. Nimechonga umbo lake kwa mti, nikatoa nakala yake kwa jasi, kisha nikatumia mashine ya Fundi ya kutengenezea vikinga meno vya mabondia. Unaweka karatasi ya plastiki juu, inapashwa moto mpaka inalegea, halafu mashine inavuta hewa na plastiki inajibandika kwenye jasi. Ya kwanza iliungua. Ya pili ilitoboka. Ya tatu na ya nne zilikuwa na mapovu. Ya tano ikatoka safi kama tone la maji.

"Sijawahi kuona bondia mwenye kinywa cha namna hii," Fundi akasema.

Alikuwapo bibi mmoja, mteja, amekuja kupimwa meno ya chini. Alitazama meza yangu kwa muda. "Fundi, siku hizi unawatengenezea na ndege meno?"

"Ndege hana meno, bibi."

"Ndiyo maana nauliza. Labda amekuja kuagiza."

Nilicheka kwa sauti mbele ya mtu nisiyemjua. Naandika kwa sababu ni jambo la kihistoria.

Jumamosi, 6 Aprili

Bawa la kushoto limekamilika. Siku nane. Lina shimo la tairi chini yake, na mgongo umevimba kidogo kama inavyotakiwa ili hewa iinyanyue ndege. Fundi amelitazama kwa miwani yake ya kazi, mikono nyuma. "Safi," akasema. Kwake hilo ni hotuba.

Ijumaa, 12 Aprili

Bawa la pili limekamilika. Siku tano tu. Mkono umezoea.

Jumapili, 14 Aprili

Matairi nimeyakata kwenye ndala za Redio zilizokatika. Amedai jina lake liandikwe kwenye ndege. Nimeliandika ndani, chini ya kiti cha rubani, mahali ambapo hakuna atakayeona. Ameridhika, na mtaa mzima umeshapata habari.

Jumamosi, 20 Aprili

Nina hasira na hakuna wa kumkasirikia.

Leo ilikuwa siku ya kuunganisha. Mvua ilikatika asubuhi, mwanga ulikuwa mzuri, mama hakuwa zamu hospitali. Wote watatu walikuja karakanani kutazama, Redio juu ya stuli. Nikapachika bawa la kushoto, likaingia kwa mlio mdogo mtamu. Nikachukua la kulia. Halikuingia. Nikaligeuza, likaingia. Nikarudi nyuma hatua moja ili niione ndege yangu.

Wa kwanza kusema alikuwa Redio, kwani angekuwa nani mwingine?

"Dada, mbona tairi la huku litatokea juu?"

Nikatazama. Shimo la tairi la bawa la kulia lilikuwa mgongoni, limeelekea dari. Ule uvimbe wa mgongo ulikuwa chini. Rubani wangu angelazimika kutua upande mmoja ardhini na upande mwingine mawinguni.

Nimetengeneza mabawa mawili ya kushoto.

Mchoro ule unaonyesha bawa moja tu, la kushoto, ili kuokoa karatasi. Ukitaka la kulia, unaipindua karatasi kwenye kioo cha dirisha, unauchora upya kwa nyuma, ndipo unakata. Wameeleza chini kwa herufi ndogo, ambazo nimezisoma leo kwa mara ya kwanza. Mimi nilikata vilevile mara mbili, kisha nikaja hapa nikaandika kwa majivuno kwamba mkono umezoea. Ulizoea kukosea.

"Haionekani sana," alisema mama, kwa sababu ananipenda.

"Inaonekana," alisema Redio.

Fundi alikuwa ameshika paji la uso. "Natengeneza magego ya kulia na ya kushoto kila siku ya Mungu," akasema taratibu, "na nimekaa hapa wiki mbili, sikuona."

Zimebaki wiki tatu, na wiki moja kati ya hizo ni ya mitihani shuleni. Kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 22 Aprili

Homa. Mama anasema ni mvua. Mimi nasema ni bawa.

Jumatano, 24 Aprili

Leo homa imenitoka. Nimeamka na miguu kama ya ndama, nikaenda karakanani nikishika ukuta.

Ndege ilikuwa mezani kwangu. Kando yake, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na bawa la kulia. La kulia kweli, shimo la tairi chini, uvimbe juu. Nilipoliokota sikuhisi maungio ya bati. Mistari ya riveti ilikuwa imenyooka kama iliyochapishwa. Ukingo wa mbele, ambao hunisumbua mimi, ulikuwa umekunjwa ukawa mwembamba, laini, kama mdomo wa kikombe kizuri.

Fundi alikuwa upande wake wa meza akisugua jino la mtu. Alilisugua kwa bidii, hakuinua macho.

"Nilikuwa na nafasi kidogo," akasema.

Hakuwa na nafasi. Yule bibi alikuwa mlangoni saa ileile akiulizia meno yake, akaambiwa arudi wiki ijayo. "Wiki ijayo tena? Fundi, nimechoka kunywa supu," nilimsikia akinung'unika akienda zake.

Nikasema asante. Nilisema kweli. Nilikuwa na furaha hata machozi yalinilenga, nikaenda kulala tena, nikalala usingizi mzuri.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimelipachika bawa na kulitia gundi. Ndege imekamilika. Ni nzuri. Nimekaa nikiitazama kutoka kila upande isipokuwa kulia.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimefanya mazoezi ya usaili mbele ya kioo kwa lugha ya shule. "Nilikata, nilikunja, nilibandika." Kila nikifika kwenye mabawa nasema "mabawa yalikatwa." Si mimi niliyekata, yalikatwa. Lugha inaweza kukusaidia kujificha kama ukiizoea, na mimi kujificha ndiyo kazi niliyohitimu.

Watu wakiona mtu kimya wanadhani ni mkweli. Sijawahi kuwasahihisha.

Jumatatu, 29 Aprili

Mwalimu wa fizikia alipita nyumbani jioni, mwavuli mkononi, kutazama ndege kabla ya usaili. Aliizunguka mara mbili. Akachuchumaa. Akanyoosha kidole mpaka karibu na bawa la kulia, hakugusa.

"Hili," akasema. "Mengine ni kazi nzuri ya mwanafunzi. Hili ni la fundi. Ulifanyaje ukingo huu?"

Fundi akawa na kazi ya haraka sana kwenye droo ya chini. Redio akafungua mdomo, mama akamtuma maji.

Mimi nikatabasamu na kutazama miguu yangu. Mwalimu akacheka. "Haya, haya. Ila siku ile ujibu," akasema.

Sikusema uongo. Sikusema chochote. Nimeandika sentensi hizo mbili nikazitazama, na sijui ipi inanitia aibu zaidi.

Jumanne, 30 Aprili

Nimeliondoa.

Nilirudi kutoka shuleni moja kwa moja hadi mezani, bado na sare iliyolowa, nikachukua kisu chembamba na kukata gundi shinani, polepole, ili nisiliharibu. Lilikuwa limetoka nusu Fundi alipoingia. Alisimama.

"Halikukaa vizuri?"

"Limekaa vizuri sana."

"Sasa?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yakaondoka yote, yakabaki mawili.

"Si langu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, au kama mtu aliyepigwa, sijui. Akangoja mpaka nikamaliza kukata. Akalichukua, akaliweka kwenye rafu ya juu kati ya vinywa viwili, akatoka nje. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuchukua mwavuli.

Mama alinijia chumbani. "Mtu amekaa siku nne bila kunyoosha mgongo kwa ajili yako, halafu unalibandua kama gamba la kidonda?"

"Mama, wameandika kwenye fomu."

"Fomu nimeisoma. Nakuuliza juu ya mtu."

Nilikuwa nafikiri juu ya ndege yenye bawa moja, na siku kumi na moja, na yule mtu anayetembea kwenye mvua. Nikagundua kwamba cha tatu ndicho kinachoniuma kuliko vingine, na sikuwa nimetegemea hivyo.

Jumatano, 1 Mei

Hakuna shule leo. Niliingia karakanani mapema nikamkuta ameshafika. Nikamwamkia, akaitikia. Nusu yangu ya meza ilikuwa imefutwa. Juu yake kulikuwa na plaiwudi, makopo matatu yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na mchoro. Mchoro ulikuwa umebandikwa kwenye kioo cha dirisha, mgongo ukitazama ndani.

"Kuubandika si kusaidia," akasema. "Ungeweza kuangushwa na upepo ukaangukia hivyo."

Nikaanza kuchora. Baada ya muda akasema, akiwa amenipa mgongo, "Jana nilikasirika. Si wewe uliyenikasirisha. Nilitaka siku ile, kule mbele ya wale watu, na mimi niwe na kitu changu kidogo pale. Wakisifu, nijue. Mtu wa umri wangu."

Nilimaliza mstari niliokuwa nauchora.

"Wangeniuliza ukingo umekunjwaje."

"Ungeniuliza, ningekuambia."

"Ningejua kusema. Nisingejua kufanya."

Akageuka. Alinitazama kwa miwani ile ya kazi, ambayo inamfanya awe na macho ya bundi, kisha akacheka, cheko fupi la puani. "Haya. Sasa uliza."

"Ukingo unaukunjaje?"

"Kwanza unaulainisha kwa moto. Mdogo. Bati la kopo ni kaidi kama mtu mwenye meno mapya, ukilisukuma linakusukuma. Ukilipasha linasahau."

Alinieleza kila kitu kwa mdomo. Alipofika mahali ambapo mdomo hautoshi, alinionyesha kwa mikono hewani, bila bati, kama mtu anayeeleza ukubwa wa samaki. Niliharibu vipande sita.

Jumapili, 5 Mei

Mbavu zimekaa. Mtihani wa hesabu kesho, sijagusa kitabu. Nitakigusa.

Jumanne, 7 Mei

Redio ameagizwa kuhesabu riveti ili anyamaze. Ameishia mia nne kumi na mbili akalala mezani.

Alhamisi, 9 Mei

Bawa limekamilika saa kumi na moja jioni. Lina wimbi dogo karibu na ncha, mahali nilipopasha moto kupita kiasi. Ukingo wake si mdomo wa kikombe kizuri. Ni mdomo wa kikombe cha kawaida. Fundi alilitazama, mikono nyuma.

Nilingoja aseme safi. Hakusema.

"La kulia," akasema. "Hakuna ubishi."

Jumamosi, 11 Mei

Niandike yote kabla hayajapoa.

Tulikwenda Fundi na mimi. Mama alikuwa zamu. Ndege ilikuwa kwenye sanduku ambalo Fundi alilitandika sponji, nikalipakata njia nzima. Ukumbi wa kungojea ulijaa vijana na vitu vyao: jenereta ndogo, kiti cha kukunja, jiko la mabaki ya pipa. Wengi walikuwa wanaongea. Fundi hakuniambia nisiogope. Aliniuliza kama nimeona yule mvulana mwenye jenereta anavyotafuna upande mmoja tu. Nikatazama. Ni kweli. Nilipoitwa nilikuwa bado namwangalia mvulana wa watu kinywani.

Wasaili walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu: wanaume wawili waliovaa tai, na mama mmoja wa makamo mwenye ovaroli na kucha zenye grisi. Niliweka ndege mbele yao. Nikaanza kwa lugha ya shule, ile hotuba ya kioo. Sentensi tatu zilitoka. Ya nne ilikwama.

Yule wa ovaroli hakuwa ananitazama. Alikuwa ameinama akipitisha kidole kwenye bawa la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena.

"Haya mawili hayakutengenezwa siku zilezile," akasema.

"Hapana."

"Hili la kulia umeliunguza."

"Ndiyo. Nililipasha mno."

"Kwa nini ulilipasha?" Na kabla sijajibu akaongeza, "Tumia lugha unayoitumia mkigombana nyumbani. Mimi injini nazitukana kwa hiyohiyo."

Wenye tai wakacheka. Na mimi, sijui niseme nini, nikaanza. Nikasema bati la kopo ni kaidi, na ukilipasha linasahau. Nikasema nilitengeneza mabawa mawili ya kushoto, na jinsi mdogo wangu alivyoona tairi linatokea juu. Nilisema pangaboi, nikasema kofia, hakuna aliyeuliza maana. Nikawaonyesha gurudumu la saa. Mmoja wa wenye tai akaomba alishike, akalisukuma kwenye karatasi yake ya alama.

"Kwa hiyo ulipoona kosa, ulitengeneza hili," akasema yule mama.

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa karibu kweli.

"Kwanza kulikuwa na jingine," nikasema. "Zuri kuliko hili. Mume wa mama ni fundi wa meno, alilitengeneza nikiwa mgonjwa. Nililibandika. Lilikaa siku nne."

"Liko wapi?"

"Nyumbani, rafuni."

"Na ungelileta, sisi tungejua?"

Nikafikiri. "Wewe ungejua," nikasema. "Hawa sina hakika."

Ninaapa sikukusudia kuwa mjeuri. Ilikuwa jibu la swali. Yule mama akainamisha kichwa akaandika kitu kirefu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akaniambia niende.

Nje Fundi alisimama. "Uliongea dakika ngapi?"

"Sijui."

"Ishirini na mbili," akasema, akiiweka saa yake sawa. "Mwenye jenereta alikaa tisa."

Jumatano, 15 Mei

Mvua zinapungua. Bibi amepata meno yake. Amekuja kunionyesha, ameuma mpira wa kufutia wangu kama uthibitisho.

Jumanne, 21 Mei

Hakuna barua.

Jumatano, 29 Mei

Barua. Redio ndiye aliyeipokea langoni, akaifungua, akaisomea barabara nzima kabla mimi sijavaa viatu. Kwa hiyo mwenye duka alijua kabla yangu kwamba nimechaguliwa, wa tisa kati ya kumi na wawili. Chini kuna maandishi ya mkono, ya kalamu iliyovuja: "Kwenye uaminifu ungekuwa wa kwanza. Jifunze moto."

Mama amelia, kisha akasema si kilio, ni kitunguu. Hapakuwa na kitunguu. Fundi aliisoma barua yote, hata maandishi madogo ya chini, akaikunja sawasawa na kunirudishia. "Moto nilikuambia mdogo," akasema.

Jumamosi, 1 Juni

Jua, tangu asubuhi. Ndege yangu itakaa chuoni hadi mwaka ujao, kazi za waliochaguliwa wanaziweka kwenye kabati la kioo. Nusu yangu ya meza ilikuwa tupu, na nilifikiri Fundi atakuwa amerudisha vinywa vyake pale. Hakurudisha.

Nilipoingia alikuwa amepanda stuli, anashusha lile bawa la kulia kutoka rafuni. Alilipuliza vumbi, akaliweka mezani. Mimi nikaenda kwenye sanduku langu la takataka za kazi, nikatoa lile bawa la kushoto la pili, ambalo sikuwa na moyo wa kulitupa. Tukayalaza pamoja. Lake ni jembamba kidogo, langu lina ubishi shinani, lakini mashimo yote mawili ya tairi yanatazama chini.

"Mara hii hakuna fomu?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi sogea. Umeniziba mwanga."

Tumeanza na kiwiliwili, maana mabawa tunayo.